Umzuru rafiki yako bila ya haja

 

Leo tunapenda kuzungumzia swali moja dogo ambalo limeingia katika nyumba zetu pasina sisi kulitia maanani. Mtu akibisha hodi jioni bila ya kutanguliza simu, mwenyeji hufungua mlango uso umembadilika, na kabla ya kusema karibu huuliza: “Kwema huko?” Mgeni akijibu kwamba ni kwema, amekuja kuwaangalia tu, mwenyeji haamini. Atamketisha, atamletea maji ya kunywa, na moyoni atakuwa akingoja. Anangoja habari ya msiba, au kadi ya mchango wa harusi, au ombi la mkopo. Nusu saa ikipita bila ya lolote katika hayo kutokea, ndipo anapotulia, na mara nyingi ndipo mgeni naye anapoaga.

Haikuwa hivi. Wazee wetu wa pwani walijenga nyumba zao kwa namna ambayo hodi ilikuwa jambo la kila siku. Kando ya mlango walijenga baraza ya mawe na chokaa, apitaye akakaa pasipo kuwaingilia watu wa ndani. Mabaraza hayo yangalipo katika Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na katika mji wa Lamu, uliofuata mwaka 2001. Watalii huyapiga picha. Lakini sehemu nyingi za miji yetu mipya zimejengwa kwa ukuta na geti, na anayetaka kumwona rafiki yake hana budi kueleza shida yake kwa mlinzi.

Imepokewa katika Sahihi Muslim, kwa mapokezi ya Abu Huraira (R.A.), habari ya mtu aliyefunga safari kwenda kumzuru ndugu yake aliyekuwa katika kijiji kingine. Mwenyezi Mungu akamweka malaika njiani amngojee. Malaika akamwuliza aendako, naye akaeleza. Akamwuliza tena iwapo kuna fadhila yoyote kwa mtu huyo anayoifuatilia. Akajibu kuwa hakuna, ila yeye anampenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Hapo malaika akamjulisha kuwa ametumwa kwake, kumpa habari kwamba Mwenyezi Mungu naye amempenda kama yeye alivyompenda mwenziwe.

Tuliangalie vizuri swali la pili la malaika, kwani ndilo lile lile la mwenye nyumba wetu: umefuata nini? Msafiri yule hakuwa akienda kumtazama mgonjwa wala kuzika. Mambo hayo yana haki zake na yana thawabu zake, na hadithi hii haikuyagusa. Alikuwa akienda kumwona mtu mzima, mwenye afya yake, asiyemdai wala kudaiwa naye. Safari ya namna hiyo ndiyo iliyowekewa malaika njiani.

Njema, ila…

Lugha yetu ya Kiswahili ina adabu yake katika salamu. Mtu huulizwa habari za nyumbani, naye hujibu kuwa ni njema. Huulizwa za watoto, hujibu njema. Hata kama jana usiku alimkimbiza mtoto hospitali, jibu la kwanza ni njema, kwani ni ukosefu wa shukrani kuanza na malalamiko. Baada ya hapo ndipo huja neno “ila”. Njema, ila mtoto alishikwa na homa. Njema, ila mvua imetuharibia ukuta. Kila mzungumzaji wa Kiswahili analijua neno hilo, na anajua kwamba halitoki upesi. Lahitaji mtu aliyekwisha kukaa, aliyekwisha kunywa kitu, ambaye haonekani kutazama saa.

Simu haina nafasi ya “ila”. Hatuna ugomvi na simu, tena tunazishukuru. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ianze Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, mzee aliyekuwa akingoja bahasha ije na dereva wa basi amekuwa akipokea fedha zake akiwa ameketi kitandani. Rambirambi hufika kabla maiti hajazikwa. Makundi ya WhatsApp nayo yamewarudisha pamoja watu waliosoma darasa moja miaka 40 iliyopita, na kila Ijumaa asubuhi hutumiana picha za maua zenye dua. Yote hayo ni kheri. Lakini salamu za simu huishia kwenye njema ya kwanza, na mtu anaweza kuambiwa njema kila wiki kwa mwaka mzima hali ya kuwa si njema.

Tulivyokwenda Tanga

Miezi michache iliyopita tulisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga, mwendo wa kiasi cha kilomita 350 kwa njia ya Chalinze na Segera, kumwona rafiki yetu wa siku nyingi. Ni mwalimu mstaafu, anakaa Ngamiani, na watoto wake wote wamekwisha kuondoka nyumbani; mmoja wao yuko Muscat. Hatukuwa na shughuli nyingine Tanga. Njiani tulinunua machungwa ya Muheza, kama afanyavyo kila apitaye huko.

Tulifika baada ya Alasiri. Aliitikia salamu, akatutambua kwa sauti, akacheka kwa nguvu. “Umepotea, mgosi!” Kisha naye akauliza lile lile, kwema? Tukamwambia kwema, tumeifuata kahawa yako. Tukakaa barazani. Kahawa ikaletwa katika birika, chungu, yenye tangawizi, pamoja na sahani ya kashata za nazi, na mjukuu wake akaja kutuamkia.

Mazungumzo yenyewe msomaji asiyatarajie kuwa makubwa. Tulielezwa habari za kuku mmoja wa pale nyumbani ambaye amekataa kiota na kuamua kutagia ndani ya mkoba wa zamani wa mwalimu, ule aliokuwa akibebea daftari za kusahihisha. Mkoba umeachwa wazi kwa heshima yake, na kila asubuhi mjukuu hulikuta yai. Tulielezwa juu ya mwadhini mpya wa msikiti wa jirani, kijana ambaye sauti yake ndiyo kwanza inavunjika, ikipanda na kushuka isivyotakiwa, na jinsi wazee walivyokubaliana wasimcheke. Tuliambiwa kwamba maji ya pipa linaloachwa juani huwa yamepata moto wa kadiri ifikapo saa kumi, na hakuna kuoga kuliko huko. Mchana walikula bada na samaki kwa siku ya pili mfululizo, na angekula ya tatu. Tukarudia pia habari ya mwaka 1988, Coastal Union ilipochukua ubingwa wa Tanzania. Habari hiyo tumeisikia mara nyingi, na kila mara huongezeka kidogo.

Saa nzima ikapita hivyo. Kama kuna mtu aliyekuwa akisikiliza kando angesema kwamba hawa hawana la kufanya.

Aliponyanyua birika kutumiminia kikombe cha pili, tuliona kuwa ameingiza ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe, akangoja kahawa ikiguse kidole ndipo akaacha kumimina. Hatukusema kitu. Baadaye tulimpa gazeti la siku hiyo, kwani tangu ujana wetu hakuwa mtu wa kulala bila ya kulimaliza gazeti, pamoja na matangazo ya minada. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalikunja, akalisukuma chini ya mto aliouegemea. “Nitalisoma baadaye,” akasema. Mkewe, aliyekuwa akiondoa sahani, alisimama kidogo mlangoni, kisha akaingia ndani.

Tuliendelea na habari za kuku. Ni yeye mwenyewe aliyelileta neno, pale kikombe cha tatu kilipokuwa kinapoa. Alisema kwamba siku hizi taa za magari usiku zinamtawanyikia machoni, na kwamba herufi za gazeti anaziona kama zimelowa maji. Jicho la kulia lilikuwa karibu limezibika, na la kushoto lilikuwa linafuata. Tukamwuliza tangu lini. Tangu mfungo uliopita. Watoto wanajua? Hawajui. Yule wa Muscat hupiga simu kila Ijumaa baada ya Sala, bila ya kukosa, na kila Ijumaa huambiwa kuwa mambo ni mazuri. “Ningemwambiaje, mgosi? Yuko mbali, ana ada za watoto. Na kwenye simu mambo haya yanakuwa makubwa.”

Alikuwa ameamua ndani ya nafsi yake kwamba ni uzee, na uzee hauna dawa. Asubuhi ya pili tulifuatana naye hospitali, mjukuu akiwa ametangulia mbele. Daktari alimwangalia, akamwambia ni mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho imeingia ukungu, na kwamba huondolewa kwa upasuaji na kuwekwa lenzi ya bandia mahali pake, kazi ambayo aghalabu mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Maradhi hayo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwapofusha watu, na wengi wao hupofuka hali ya kuwa tiba ipo. Tunapoandika haya jicho lake la kulia limekwisha kufanyiwa kazi, na la kushoto linangoja zamu. Mwanawe amejulishwa. Alilia kwenye simu, na baba yake akamkemea kwa kulia.

Kabla hajaomba

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa Ulumid-Din ametenga sehemu nzima kwa ajili ya adabu za urafiki na udugu, na humo akazitaja haki nane za rafiki. Haki ya kwanza inahusu mali, nayo ameipanga katika daraja tatu. Ya juu kabisa ni kumtanguliza rafiki mbele ya nafsi yako, ya katikati ni kumfanya sawa na nafsi yako. Ya chini kabisa, ambayo hakuna nyingine chini yake, ni kumpa katika kile kilichokuzidi unapomwona ana haja, na kumpa kabla hajaomba. Aliyemwacha rafiki yake mpaka akalazimika kufungua kinywa, Imamu humhesabu kuwa amefikia ukomo wa upungufu. Vivyo hivyo katika haki ya pili, ya kumsaidia kwa nguvu na nafsi.

Sasa tujiulize: haja ambayo mwenyewe hakuitaja utaijuaje? Hakuna njia nyingine ila kukaa naye pasipo na ajenda, ukaona jinsi anavyomimina kahawa. Watu wenye haya, nao ndio wengi katika watu wetu, hawaombi. Wakiulizwa kwa simu husema njema. Mtu anayekwenda kwao wakati wa msiba tu atawakuta wamevaa vizuri, wamekaa katika mkeka wa watu wengi, na hatajua lolote.

Haki ya nane katika mpango wa Imamu ni kuacha takalufu, na hapa ndipo tunapoona mlango wetu umefungwa zaidi. Nyumba nyingi hazikosi upendo kwa wageni. Zinakosa kuku wa kuchinja. Mama wa nyumba anaona aibu kumkaribisha mgeni kwenye kiti kilichochanika, baba anahesabu bei ya soda kwa watu watano, na mgeni naye anaona hawezi kwenda mkono mtupu, basi anaahirisha mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi una mambo yake. Hivi ndivyo watu wanaokaa mtaa wa pili wanavyoweza kumaliza mwaka bila ya kuonana. Ilhali Qur'ani Tukufu, katika aya ya 61 ya Surat an-Nur, imeitaja nyumba ya rafiki pamoja na nyumba za wazazi na ndugu katika zile ambazo mtu hana lawama kula humo. Chakula cha nyumba ya namna hiyo ni kile kilichopo jikoni. Chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha vinatosha kabisa.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kitu cha kwanza alicholetewa kutoka kwa sultani kilikuwa sahani ya tambuu na popoo. Ni kweli kwamba baadaye yalifuata masinia ya wali wa samli, nyama, kuku na samaki, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, naye akayaeleza kwa kirefu kama mtu aliyeyafurahia. Lakini makaribisho yalianza na jani la kutafuna, na sultani hakuwa mtu wa kukosa kitu.

Katika jambo hili akina mama wametushinda, wala hatuoni tabu kulisema. Mama akienda kwa mwenziwe hukuta anachambua mchele, naye huvuta ungo akachambua pamoja. Wakisukana, wakikuna nazi, wakitiana hina kabla ya Idi, mikono ina kazi na midomo ina nafasi, na hakuna anayelazimika kutafuta la kusema. Mtoto anayekwenda na mama yake katika ziara hizo hujifunza kuamkia, kupokea kwa mkono wa kulia, na kukaa kimya wakubwa wanapofikia “ila” yao. Wanaume wakikutana wawili hutafuta televisheni.

Wapo watakaosema kuwa kukaa barazani ni kupoteza muda, na kwamba vikao vya kahawa ni vikao vya kusengenya. Hoja hiyo ni kongwe. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa kahawa ili wakeshe katika dhikri, na kutoka huko ikaenea mpaka Makka na Misri. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyeusimamia mji wa Makka kwa niaba ya Wamamluki, aliwakuta watu wameizunguka usiku karibu na Msikiti Mtukufu. Akawakusanya wanazuoni na matabibu, kahawa ikapigwa marufuku na kuchomwa moto, ingawa amri hiyo haikudumu. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne naye alizifunga nyumba za kahawa za Istanbul. Nazo zikafunguliwa tena. Wengi katika waliopinga hawakuwa na shida na kinywaji chenyewe. Walichelea maneno yanayosemwa watu wanapokaa muda mrefu pamoja.

Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani Surat al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kusengenya kwa mfano mzito wa kula nyama ya ndugu aliyekufa. Ila tunaona tofauti kati ya wawili wanaoelezana habari zao wenyewe, kuku wao, macho yao na maji yao ya pipa, na wawili wanaoeleza habari za wa tatu asiyekuwapo. Mazungumzo yakianza kuondoka kwa waliopo na kwenda kwa wasiokuwapo, mtu ana hiari ya kuuliza habari za kuku.

Ziara nazo zina mipaka yake. Hodi ni mara tatu, na asipojibiwa mtu hurudi. Surat an-Nur, aya ya 27 na 28, imefundisha kuomba ruhusa na kutoa salamu, na mtu akiambiwa rudi, basi arudi pasi na kinyongo. Huenda watu wamelala, au wana lao. Kupiga simu kwanza si vibaya, hasa kwa wanaokaa mbali, na mwenzio akikuuliza kuna nini, mwambie hakuna kitu. Wakati mzuri ni baina ya Alasiri na Magharibi, kwani baada ya Isha Mtume (S.A.W.) alichukia mazungumzo marefu. Wala mtu asikae mpaka akawa mzigo. Surat al-Ahzab, aya ya 53, iliwateremkia watu waliomaliza kula katika nyumba ya Mtume (S.A.W.) kisha wakabaki wakizungumza, naye akawaonea haya kuwaambia waondoke. Watu wa pwani wana alama zao. Mwenyeji akikutikisia birika kuonyesha kwamba bado imo, kaa. Akiacha makaa yazimike na birika likapoa, chukua kofia yako.